Vazi la Kuzamia na Mabati ya Nyumba

Katika kijiji cha Puta, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, ipo nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa nyasi. Mwenye nyumba hiyo ni askari wa doria ya majini, naye mkewe ni fundi cherehani. Kwa muda wa miaka 3 wawili hao walikuwa wakiweka fedha kidogo kidogo katika kopo la maziwa ya unga, wakikusudia kununua mabati. Mwezi Juni 2023 fedha zilikuwa zimetimia, hata fundi wa kuezeka alikwisha kuja kupima paa. Ndipo ikaja barua.

Barua ilisema kwamba askari huyo amepata nafasi ya kwenda Uingereza, mwezi Januari 2024, kujifunza kuzamia na kuokoa katika maji ya baridi yasiyo na chumvi. Nauli, malazi na chakula vingelipwa. Lakini mstari wa mwisho, ule ambao aghalabu watu huusoma wakiwa wamekwisha kufurahi, ulisema kila mwanafunzi aje na vazi lake kavu la kuzamia. Bei ya vazi moja lililokwisha kutumika ilikuwa sawa na mabati ya nyumba nzima, pamoja na misumari yake.

Mtu wa mbali angeuliza kwa nini hakuikataa nafasi hiyo. Jibu liko kwa mjomba wake. Askari huyo alipokuwa na miaka 9, mtumbwi wa mjomba, ndugu wa mama yake aliyetoka Pweto ng'ambo ya Kongo, ulipinduliwa na upepo usiku wakati wa kuvua chisense kwa taa. Wanaume wa kijiji walizamia kwa pumzi za vifua vyao, kamba kiunoni, macho hayaoni kitu kwa jinsi maji yalivyojaa udongo ulioletwa na mto Luapula. Walizamia siku mbili. Siku ya tatu maiti aliinuka mwenyewe, na hali aliyokuwa nayo haifai kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto. Mama yake askari hakuruhusiwa kumwona. Jambo hilo lilimkaa mama moyoni kuliko kifo chenyewe, na mwanawe alikua akilijua.

Basi fedha zikatoka katika kopo. Lililobaki ni kuamua zinunue nini.

Mkufunzi wa kozi hiyo, mtu mwungwana kwa maandishi, alituma habari kwamba dukani kuna mavazi matatu yaliyotumika ya kimo cha askari huyo, bei zake zikikaribiana, na kila moja limetengenezwa kwa kitu chake. La kwanza lilikuwa la neoprini, yaani mpira wenye povu ndani yake, mnene kama godoro jembamba. La pili lilikuwa la kitambaa cha tabaka tatu: nailoni juu, nailoni chini, na katikati utando mwembamba wa mpira. La tatu lilikuwa la mpira mzito uliopikwa, mweusi, laini kwa nje, ulioshikamanishwa na kitambaa cha kufumwa kwa ndani. Achague moja, ajibu upesi.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kueleza vazi kavu ni kitu gani, maana yapo mavazi mengine ya kuzamia ambayo huruhusu maji kuingia na kukaa kati ya nguo na ngozi. Vazi kavu haliruhusu. Shingoni na katika vifundo vya mikono lina kola za mpira zinazobana, miguuni lina viatu vilivyoungana nalo, na zipu yake haipitishi hata tone. Kifuani ipo vali ya kuingizia hewa kutoka katika mtungi, na begani vali ya kuitolea. Mzamiaji hukaa ndani yake na nguo zake za joto kama mtu aliyevaa koti. Maji hunyang'anya mwili joto kama mara 25 zaidi ya hewa, na katika maji ya nyuzi 4 au 5 mtu asiyekuwa na vazi la namna hiyo huanza kupoteza nguvu za vidole baada ya dakika chache tu. Kwa kuwa maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4, maji hayo ndiyo hutulia chini kabisa ya maziwa ya nchi za baridi wakati wa kipupwe. Huko chini ndiko askari alikokuwa akienda.

Mawazo yake ya kwanza yaliangukia neoprini, na mawazo hayo si ya kipumbavu. Mtu anayeogopa baridi hutaka blanketi nene, na neoprini ni blanketi. Povu lililomo ndani yake ndilo linalozuia joto lisitoke, kwa hiyo hata vazi likitoboka na maji kuingia, mvaaji hubaki na joto kiasi. Aliandika jibu usiku uleule na kuliweka juu ya meza, akisubiri asubuhi alipeleke Nchelenge. Asubuhi mkewe alilisoma.

"Baba watoto," alisema, "blanketi hili utalivua lini?"

Askari hakuelewa.

"Huko kozi ni wiki 6. Ukirudi, maji ya hapa ni ya vuguvugu. Joto lililoshonwa ndani ya nguo halitoki. Koti lenye bitana ya kuvuka na kuvalika ndilo la mtu wa safari."

Hilo ndilo neno lililogeuza shauri, nalo lilitoka kwa mtu ambaye hajapata kuzamia hata kisimani. Askari aliichana barua, akaanza kusoma upya karatasi alizotumiwa, safari hii mkewe akiwa pembeni na mkanda wa kupimia shingoni.

Waliyoyakuta katika karatasi hizo ni haya. Povu la neoprini lina hewa, na hewa husongwa na maji. Mtu akishuka mita 10 katika maji, msongo huwa karibu maradufu ya ule wa juu. Akifika mita 30 huwa karibu mara 4, na viputo vya povu hubaki kama robo ya ukubwa wake. Maana yake blanketi hukonda pale hasa mtu anapolihitaji, na vazi lililokuwa likielea juu huanza kuvuta chini. Aidha, kila mwaka viputo kadhaa hupasuka visirudi tena, hivyo vazi la neoprini lililotumika miaka mingi si vazi lilelile lililonunuliwa. Na likitoboka, tundu halionekani upesi, maana maji hupenya hapa na kutokeza pale. Kulikausha kwaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Neoprini hii, iliyobuniwa Marekani katika kampuni ya DuPont mwaka 1930, ni kitu cha ajabu, nayo ina watu wake. Mtu wa Puta si mmoja wao.

Kitambaa cha tabaka tatu kiliwapendeza zaidi. Ni chepesi, hukunjika kikaingia katika mkoba, hukauka kwa saa chache, nacho hakibadiliki kwa kina kwa kuwa hakina povu. Chenyewe hakina joto lolote. Joto ni la nguo za ndani, na nguo za ndani mtu huongeza au hupunguza. Hapo bitana ya mke wa askari ilikuwa imepatikana. Lakini yeye aliona kasoro ambayo karatasi ziliitaja kwa haraka tu: kitambaa hicho hakivutiki. Kitu kisichovutika lazima kikatwe na nafasi ya kuchuchumaa, ya kuinua mikono na ya kufikia mtungi mgongoni. Vazi la dukani lilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Alimpima mumewe akiwa amechuchumaa, akalinganisha na vipimo vilivyotumwa, akatikisa kichwa.

Likabaki la mpira. Kwa sura ni baya. Humfanya mtu afanane na kambare. Tena ni zito. Lakini kitambaa cha ndani ni cha kufumwa, hivyo hunyumbuka kidogo, na mpira wake ni laini usio na nyuzi juu, kwa hiyo uchafu hauna pa kujificha. Hoja hii ya uchafu ndiyo iliyomgusa askari zaidi. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu kupoteza maisha, wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kuwasaidia Watanzania kutoa maiti. Katika Ziwa Victoria hakuna barafu. Hata hivyo, kufanya kazi ndani ya chombo kilichozama, kati ya mafuta na miili ya watu, ni kazi isiyotaka maji yaguse ngozi wala kinywa. Kadhalika kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wazamiaji walimkuta mtu mmoja hai ndani yake baada ya siku mbili. Lau wangesema maji ni machafu wakangoja, asingepona. Neoprini hunywa uchafu kama sifongo. Kitambaa hushika kidogo. Mpira huoshwa kwa sabuni na maji, ukafutwa, basi.

Kwa mtu wa Mweru, ambako pembezoni mwa maji yaliyotulia mna kichocho, faida hiyo ni ya kila siku. (Wapo waliouliza kuhusu mamba. Mamba hajali kama ni neoprini, nailoni au mpira, na hakuna duka liuzalo vazi la kumzuia.)

Hata hivyo askari alisitasita, akasema mpira ukichanika ugenini atafanyaje. Mkewe alimtuma kwa shemeji yake, yaani kaka wa mke, ambaye huziba pancha za baiskeli chini ya mwembe karibu na soko la Puta.

"Shemeji," alisema yule bwana baada ya kusomewa maelezo, "hiyo si nguo. Hiyo ni tyubu yenye miguu."

Akamketisha juu ya ndoo na kumfundisha kazi, kama anavyowafundisha vijana wake. Pakaushe. Pasugue kwa msasa mpaka mng'aro utoke. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, vaziɴi na katika kiraka, kisha ngoja. Na kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata na kuvuta, bado; ikinata bila kuvuta, bandika na kukandamiza. Askari alifanya mazoezi kwa tyubu mbovu tatu, ya tatu ikakubali. Jioni ile aliandika jibu la pili, na hilo likapelekwa.

Mpira una historia yake, na hasa kwa watu wa kandokando ya Kongo historia hiyo si ya furaha. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland aliweka mpira kati ya vitambaa viwili akapata koti la mvua, lakini koti lake lilikuwa gumu wakati wa baridi na la kunata wakati wa joto. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huacha tabia hizo zote mbili, na hapo dunia ikaanza kuutamani. Tamaa hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa misitu ya Kongo, chini ya Mfalme Leopold, wakatwe mikono kwa ajili ya utomvu. Mama yake askari, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo haya ya vazi akichambua karanga, aliuliza mara moja tu: "Ni mpira uleule?" Akaambiwa kwamba siku hizi mwingine hutoka Asia na mwingine hutengenezwa viwandani kwa mafuta ya petroli. Akaendelea na karanga zake.

Maadam vazi la mpira halina joto lake, nguo za ndani zilikuwa kazi ya fundi cherehani. Aliukata mblanketi wa sufu akamshonea ovaroli nyembamba yenye vifungo mbele. Juu ya kifua iliamriwa kuwe na sweta la sufu la kiaskari, lile lenye viraka vya mabegani ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili wanalo kabatini. Sufu ilichaguliwa kwa sababu hata ikilowa jasho hubaki na joto. Pamba haina fadhila hiyo: hunywa jasho, ikalishika, ikawa kama kitambaa chenye maji mgongoni.

Hayo mke aliyasema, mume akayaitikia, na alipofika Uingereza akayasahau. Mafunzo yalifanyika Stoney Cove, katika wilaya ya Leicestershire, ambapo zamani palikuwa machimbo ya mawe na sasa ni shimo kubwa la maji lenye kina cha kama mita 35. Kwa kuwa ovaroli ilimwasha shingoni, siku ya kwanza alivaa fulana ya pamba chini yake. Chumba cha kuvalia kilikuwa na joto, na kuvaa mpira kulimchukua nusu saa ya kuhangaika. Alitoka jasho. Ndani ya maji jasho lile lilipoa, na baada ya dakika 20 alikuwa akitetemeka kiasi cha kushindwa kusoma saa yake, ilhali vazi halikupitisha tone. Mkufunzi alimtoa majini akidhani vazi linavuja. Aliona aibu kueleza ukweli, lakini aliueleza. Kutoka siku hiyo aliwashwa na sufu bila kulalamika.

Jingine alilojifunza lilihusu mkanda wa risasi; si risasi za bunduki, bali ile madini inayofungwa kiunoni ili mtu azame. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025, ya maji baridi kilo 1. Kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vyombo vyake vyote ana kilo 100 huhitaji risasi pungufu kama kilo 2 na nusu akitoka baharini kwenda ziwani. Wanafunzi wenzake waliozoea bahari walizama kama mawe siku ya kwanza. Aliambiwa pia kwamba kwa kuwa Mweru iko mita 917 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, majedwali ya muda wa kuzamia yaliyotungwa kwa bahari hayana budi kusahihishwa, kama ifanyikavyo popote palipozidi mita 300. Hilo aliliandika katika daftari na kulipigia mistari miwili.

Wiki ya nne vazi lilijaribiwa. Chini ya shimo lile vimezamishwa vyombo mbalimbali kwa ajili ya mazoezi, na katika kupita kando ya chuma kimoja goti lake lilikwaruzwa. Alisikia baridi kama kisu ikipanda mguuni. Watu wengi hudhani vazi likiingia maji litamzamisha mtu kwa uzito. Si kweli, maji ndani ya maji hayana uzito wa kumvuta mtu. Hatari ni baridi, na ule wepesi wa hewa uliopotea, na taabu ya kupanda ngazi mguu ukiwa umejaa kama debe. Alimwashiria mwenzake, wakapanda taratibu kwa utaratibu waliofundishwa, na juu akavutwa na watu wawili.

Siku hiyohiyo mwanafunzi mwingine, aliyevaa neoprini, aliharibikiwa na kola ya shingo akalowa mpaka tumbo. Yeye alitoka majini akicheka, joto lake likiwa bado lipo. Hapo neoprini ilionyesha sifa yake, na haki yake isinyimwe. Lakini kesho yake vazi lake lilikuwa likining'inia likidondoka maji, na kesho kutwa vilevile. Askari wa Puta alikuwa amekaa jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi na msasa, gundi na kiraka, akigusa kwa mgongo wa kidole. Wenzake walimhimiza abandike. Akasema bado. Asubuhi alizama kama kawaida, na mkufunzi alikuja kukiangalia kile kiraka, akauliza amejifunzia chuo gani.

Alirudi nyumbani mwezi Machi. Vazi la mpira katika joto la Mweru ni jambo jingine: mtu akilivaa na kukaa ufukoni juani, aweza kuanguka kwa joto kabla hajagusa maji. Kwa hiyo sasa huvaa kivulini, humwagiwa maji ya ndoo, na ndani huvaa shuka nyepesi tu iliyoshonwa suruali. Ovaroli ya blanketi imegeuzwa kuwa ya mtoto. Petroli ya injini za mashua huulainisha na kuuharibu mpira, basi madumu huwekwa mbali nalo.

Mwaka uleule, kabla ya mvua, mtumbwi ulipinduka nje kidogo ya Puta na kijana mmoja hakuonekana. Askari alizama alasiri. Alimtafuta kwa mikono, maana macho hayakufaa kitu, na jua lilipokuwa likigusa upande wa Kongo alimleta juu akiwa bado na sura yake. Mama wa kijana alimwona mwanawe, akamshika uso. Mama yake askari alikuwa amesimama nyuma ya watu, hakusema neno, akarudi nyumbani peke yake kabla ya wengine.

Usiku vazi lilioshwa kwa sabuni, ndani na nje, likatundikwa barazani kwa miguu, kichwa chini, mbali na moshi wa jiko. Lilipokauka mke wa askari alipaka poda katika kola ya shingo na za mikono, akizikunjua kidogo kidogo karibu na taa kuona kama zimeanza kupata nyufa. Ya mkono wa kushoto ilikuwa nayo, ndogo. Akamwita mumewe aione, naye akasema itafaa mpaka Krismasi. Mvua ya kwanza ilianza kunyesha usiku huo, ikapenya nyasi mahali pawili, na mtoto mkubwa akaleta ndoo bila kuambiwa. Kopo la maziwa liko juu ya kabati. Lina noti chache.